Saa ya marehemu babu ina dhahabu za rangi tatu. Imechezewa au ndivyo ilivyotoka?

#1 MtotoWaMalindi
Assalaam alaykum wakuu. Naingia moja kwa moja.

Nimekabidhiwa saa ya marehemu babu, Rolex Datejust ya chuma na dhahabu, ile yenye pete ya juu ya menomeno na cheni ya vipande vidogo vidogo. Babu aliondoka Unguja 1964, akapiga maisha Dubai, 1971 akahamia Muscat, na kwa maneno yake mwenyewe huko Muscat ndiko alikoinunua. Alipokuja kututembelea miaka ya themanini alikuwa nayo mkononi, picha ipo.

Juzi nimeiosha kwa mswaki laini na sabuni, jasho la miaka likatoka lote. Nikaiweka dirishani ikauke. Hapo ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Pete ya juu ni njano iliyokolea, kama kiini cha yai la kienyeji. Vile vipande vya katikati vya cheni vimepauka, njano ya maji maji. Na kile kifundo cha kutilia ufunguo kina wekundu, ukikitazama sana utasema shaba. Dhahabu tatu kwenye saa moja!

Binamu yangu kasema babu alipigwa. Mama kusikia hivyo kanuna tangu Ijumaa.

Swali langu: hizi saa za zamani za bei kali zilikuwa zinatoka kiwandani na dhahabu zisizofanana, au kuna mkono wa mtu hapa?

#2 ChaiYaRangi
Nimetandika mkeka. Kashata ziko wapi?

#3 KibokoYaFeki
Pole mkuu, hiyo imechezewa. Kampuni kubwa kama ile iyeyushe dhahabu kwenye tanuru lake halafu itoe rangi tatu kwenye saa moja? Haiingii akilini. Pete ya juu inang'oka kwa kisu cha saa na kubandikwa nyingine, kazi ya dakika kumi. Nimeshaletewa mezani Datejust za chuma tupu zilizovishwa pete ya dhahabu ili zipande bei. Mwenye nayo anaapa kwa mizimu yote kwamba ilitoka hivyo.

#4 Fundi_Narungombe
Namba 3 kasema nusu ya kweli. Pete zinabadilishwa sana, hilo sibishi. Ila la tanuru umelitoa kwenye saa za leo. Dhahabu ya kuyeyusha wenyewe pale Plan-les-Ouates, Geneva, ni mambo ya miaka ya 2000. Saa ya babu ni ya enzi ambayo Rolex ilikuwa inanunua sehemu nyingi kwa watu wa nje. Cheni zilitoka kwa Gay Frères, kampuni ya pembeni kabisa, Rolex ikaja kuinunua 1998. Mwili wa saa na pete vilitoka kwingine. Kila fundi ana chungu chake na mkono wake wa kutia chumvi.

Chumvi ndiyo hii. Karati 18 maana yake katika sehemu 1000, sehemu 750 ni dhahabu. Hizo 250 zilizobaki hakuna anayekupangia rangi. Tia fedha na shaba nyekundu nusu kwa nusu, unapata ile njano ya kawaida. Ongeza shaba ifike 205 na fedha ibaki 45, inakuja nyekundu kabisa. Ongeza fedha kuliko shaba, inapauka. Zote tatu ukizipeleka kwa mkaguzi wa serikali ya Uswisi anazipiga muhuri uleule, kichwa cha mwanamke Helvetia, na hajakosea.

Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kumtia mtu hatiani. MtotoWaMalindi, fanya mambo matatu kisha urudi. Fungua kufuli ya cheni usome kilichopigwa kwa ndani. Tafuta fundi mwenye kifaa sahihi (siyo koleo!) afungue mfuniko wa nyuma asome namba za Kirumi. Halafu piga picha ya karibu usoni, chini ya alama ya 6, pale palipoandikwa SWISS.

#5 ChaiYaRangi
Siyo koleo. Mmemsikia mafundi wa stendi?

#6 Karani_wa_Nakuru
Hamjambo watu wa pwani. Nyinyi mnalia na karati 18, mimi nina kesi ya karati 9.

Guka yangu, yaani babu, alikuwa karani Nakuru, akastaafu mwaka wa 1962, akapewa saa ya dhahabu, nyuma imechongwa jina lake na miaka aliyotumikia. Ndani ya mfuniko kumeandikwa Dennison, kuna alama ya nanga na .375. Sasa hiyo saa inageuka rangi. Ukiivaa wiki mbili inakuwa hudhurungi karibu na masikio yanayoshika mkanda, ukiisugua inarudi njano. Kuna sonara aliniambia wazi ni shaba ya kufungia milango, guka alidanganywa na wazungu. Nilimwamini miaka minne.

#7 Fundi_Narungombe
Namba 6, guka hakudanganywa. Nanga ni muhuri wa ofisi ya ukaguzi ya Birmingham. Dennison walikuwa hapohapo Birmingham wakitengenezea maganda saa za Uswisi zinazouzwa Uingereza na makoloni yake, mpaka wakafunga 1967. Lakini .375 hesabu yake ndogo tu: sehemu 625 kati ya 1000 siyo dhahabu. Dhahabu haiozi, kinachobadilika rangi ni shaba na fedha zilizomo, zikikutana na jasho na salfa. Karati 9 hiyo kwake ni kawaida.

Usiisugue sugue lakini. Utamaliza kuchonga jina la mzee.

#8 Karani_wa_Nakuru
Asante fundi. Huyo sonara nitamtembelea na kikombe cha chai na maneno mawili.

#9 BintiGeita
Kuna anayejua kwamba siku hizi si lazima kupima dhahabu kwa kuchanja na tindikali? Huku kwetu kwenye biashara ya madini kila mnunuzi ana mashine ya miale, unaweka kitu, sekunde kadhaa inakupa asilimia ya dhahabu, fedha, shaba, kila kitu, bila mkwaruzo. Saa ya mirathi usimpe mtu achanje kwenye jiwe. Watu wanachanja halafu wanabaki na vumbi lako.

#10 Mwanamaji77
Swali la pembeni wakuu, msinikasirikie. Dhahabu kwa mwanamume si tumekatazwa, dhahabu na hariri? Babu wa Kizanzibari, Muscat, na saa ya dhahabu mkononi?

#11 UstadhMstaafu
Namba 10, katazo lipo na linajulikana. Kwenye kitu kilichochanganywa chuma na dhahabu, au kilichopakwa kidogo tu, wanazuoni wana maneno yao, na mengi hayatatoshea hapa. Nitakachosema ni kwamba marehemu hajibu tena, mwombeeni.

#12 KibokoYaFeki
Ndiyo maana wengine wanavaa ile nyeupe wakidhani wameponea. Dhahabu nyeupe nayo ni dhahabu, ni ya njano imeuliwa rangi kwa nikeli au paladi, mara nyingi juu ikapakwa rodi. Kuna zee moja hapa mtaani linavaa Datejust "ya chuma" yenye pete ya menomeno, halijui pete ile ni karati tupu. Sijamwambia.

#13 UstadhMstaafu
Mwambie.

#14 Msimamizi
Turudi kwenye saa jamani. La dini lina jukwaa lake.

#15 MtotoWaMalindi
Nimerudi. Nilikwenda Dar kwa shughuli nyingine nikapitia kwa fundi mwenye kifaa chake, kafungua mbele ya macho yangu. Haya ndiyo tuliyoyaona:

Mfuniko wa nyuma kwa ndani: IV 67.
Kufuli ya cheni kwa ndani: 2 71, na pembeni pameandikwa 14K.
Katikati ya masikio upande wa alama ya 12: 1601.
Chini ya alama ya 6: kuna T SWISS T, na kila upande kuna kama o ndogo yenye mkia juu. Hizo o mbili zimenichanganya, fundi naye alikuwa hazijui.

Mama ameanza kunisemesha.

#16 Fundi_Narungombe
Alhamdulillah kwa mama.

Sasa uzi umepata nyama. IV 67 ni robo ya nne ya 1967, mwili wa saa umetengenezwa hapo. 2 71 ni robo ya pili ya 1971, hiyo ni tarehe ya kufuli. Na 1601 ndiyo namba ya Datejust yenye pete ya dhahabu ya menomeno. Kumbuka hili, namba 3: ingekuwa 1603 ningekupa ushindi, kwa sababu ile ilitoka na pete ya chuma. Ingekuwa 1600, vilevile, pete laini. 1601 ilizaliwa na pete ya dhahabu, kwa hiyo hakuna aliyeipandisha cheo.

14K ni karati 14, sehemu 585. Hapo ndipo cheni ilipopaukia: dhahabu pungufu na kilichojaziwa ni kingine.

#17 KibokoYaFeki
Kwa hiyo namba 16 unakubali cheni siyo yake. Mwili 67, cheni 71, karati tofauti. Ushindi nachukua mwenyewe, usinipe.

#18 FundiWaLeicester
Naomba niingilie, niko Leicester, Uingereza, najifunza kazi hii kwa mzee mmoja aliyeanza kabla sijazaliwa.

KibokoYaFeki, kufuli inataja umri wa kufuli tu. Kufuli ndiyo inayochakaa mapema kuliko kitu chochote kwenye saa, zinabadilishwa kila leo. Halafu hata kama cheni yote ni ya 71, saa za Datejust hazikuwa maandazi ya asubuhi. Saa iliweza kukaa kabatini kwa wakala miaka mitatu minne, na mteja akaomba cheni nyingine siku ya kununua. Babu kasema alinunua Muscat, na 1971 ndiyo aliyofika Muscat. Mbona tarehe ya kufuli inamtetea?

Kinachonisumbua mie ni karati 14. Cheni za karati 14 wateja wake wakubwa walikuwa Marekani. Kule karati 14 ndiyo dhahabu ya kila mtu, na kwa ajili ya ushuru baadhi ya cheni za Rolex zilitengenezwa kulekule. Sasa Marekani na Muscat wapi na wapi?

#19 Mwanamaji77
Wapi na wapi? Mafuta! Ghuba nzima ilikuwa na Wamarekani wa mafuta. Mmoja kafilisika kwenye karata, kauza cheni. Babu alikuwa Dubai kabla ya hapo, msisahau.

#20 ChaiYaRangi
Namba 19 umeshaandika tamthilia.

#21 Fundi_Narungombe
Siyo Marekani peke yake. Ujerumani na nchi za Skandinavia nao ni watu wa 585 toka zamani. Hata Uswisi wenyewe karati 14 ilikuwa na muhuri wake rasmi, kindi, huku Helvetia akikaa kwenye karati 18. Mihuri hiyo ilitumika toka miaka ya 1880 mpaka 1995, wakaiondoa yote wakaweka kichwa cha mbwa. Ila pale ambapo pameandikwa "14K" kwa herufi, na mimi ningenusa Marekani kwanza.

#22 Bwana_Wakia
Mnazunguka sana, jibu ni pesa. Dhahabu ilikuwa imefungwa dola 35 kwa wakia. Agosti 1971 Nixon akafungua kamba, ikaanza kupaa, na Januari 1980 ilikuwa imepita dola 800. Viwanda vikaanza kubana: karati ikashuka, bati likawa jembamba. Saa ya babu imekamatwa katikati ya mabadiliko. Pete ya kabla, cheni ya baada.

#23 Fundi_Narungombe
Nadharia tamu, kalenda imeikataa. 2 71 ni Aprili hadi Juni. Nixon ni Agosti. Halafu saa za karati 14 na 9 zilikuwepo zama ambazo dhahabu ilikuwa dola 35 palepale, muulize Karani wa Nakuru.

#24 Bwana_Wakia
Kufuli si umri wa kufuli tu? Kasema mwenzio wa Leicester. Vipande vya cheni vinaweza kuwa vya 1975 huko.

#25 FundiWaLeicester
Nimenaswa na mdomo wangu. Ndiyo, inawezekana.

#26 FundiWaLeicester
Hizo o zenye mkia sasa, maana zimerukwa. Hiyo ni herufi ya Kigiriki, sigma. Mwanzoni mwa miaka ya sabini Waswisi walikuwa na kikundi kinachoitwa APRIOR, kazi yake kuhimiza dhahabu kwenye viwanda. Wajapani walikuwa wameshaingiza saa za betri za kwatzi (quartz). Ile ya kwanza ya Seiko ilitoka Desemba 1969, tena yenyewe ilikuwa ya karati 18. Waswisi wakataka mnunuzi ajue kwamba vijiti vya saa na mishale kwenye uso huu ni dhahabu, siyo shaba iliyopakwa. Wakaweka sigma mbili kubana neno SWISS. Utaikuta kwa Rolex, Patek Philippe, Vacheron, IWC, Omega. Kwenye saa za chuma vijiti vinaonekana kama chuma tu, kumbe dhahabu nyeupe.

Matatizo yanaanzia hapo. Alama hiyo inahesabiwa ya kuanzia 1973 hivi. Mwili wa saa ni 1967, kufuli 1971. Uso huo umekuja baadaye.

#27 KibokoYaFeki
NILISEMA IMECHEZEWA. Nileteeni kiti.

#28 Fundi_Narungombe
Kaa, lakini upembeni. Kubadilishwa uso na kuchezewa ni vitu viwili. Miaka ile ukipeleka saa kwa wakala, uso umepata ukungu au rangi imechanika, hakukuuliza. Anakuwekea mpya, wa zamani anautupa, anakuandikia kwenye risiti, na ukimwuliza anaona amekufanyia ihsani. Muscat na Dubai na unyevu wa bahari, uso wa 1967 kufika salama ungekuwa muujiza. Leo ndiyo wakusanyaji wanalia damu kwa ajili ya uso wa asili. Enzi hizo ukungu ulikuwa ukungu.

MtotoWaMalindi, tutazamie: vijiti na mishale vina njano ipi? Ya pete, ya cheni, au ya kifundo?

#29 MtotoWaMalindi
Nimetazama kwa kioo cha kukuzia cha mtoto wa shule. Vijiti ni njano ya pete. Mishale... naona kama imepauka kidogo, si kama cheni lakini. Au macho yangu. Taa ya umeme inasema hivi, jua linasema vile.

#30 ChaiYaRangi
Dhahabu ya nne hiyo. Tukifika saba tunafungua duka.

#31 Zawadi_ya_Mwanza
Na mimi niulize kabla uzi haujafungwa. Baba ana Omega Constellation, nyuma ina kile kiduara cha jengo na nyota nane. Juu ni dhahabu, nyuma chuma. Pembeni kwenye kona za masikio kumetokea weupe. Fundi mmoja akasema ni maji ya dhahabu yamekwisha, mwingine akasema hapana hiyo ni kofia. Kofia ndiyo nini?

#32 Fundi_Narungombe
Kuna ngazi, na watu wanazichanganya makusudi wakati wa kuuza. Chini kabisa ni maji ya dhahabu, yale ya umeme. Nyuma ya saa za Uswisi huandikwa plaqué or na idadi ya mikroni, mara nyingi 20. Mikroni 20 ni sehemu 20 za milimita iliyogawanywa mara elfu moja, unywele wa kichwa chako ni mnene zaidi. Kofia ni bati la dhahabu la kushikika, limefunikwa juu ya mwili wa chuma kama sufuria inavyofunikwa na sufuria nyingine. Omega walitengeneza Constellation nyingi za kofia. Ngazi ya juu kuliko kofia ni dhahabu tupu, mwili wote.

Yako ikitoka weupe kwenye kona tu, na kwingine kuko imara, kofia imeliwa na polishi. Ikitoka madoa madoa kila mahali, yalikuwa maji. Kwa vyovyote usikubali tena mtu aipitishe kwenye gurudumu la polishi. Mafundi wetu wanapenda kung'arisha, wanadhani mteja analipia mng'ao. Kila polishi ni dhahabu inayobaki kwenye kitambaa chao.

#33 Zawadi_ya_Mwanza
Ni kona tu. Kofia basi. Baba atalala leo.

#34 BintiGeita
Hapohapo kwenye kofia niulize jambo. Kwenye vipande vya katikati vya cheni ya babu, je, si kofia pia? Kama ni kofia nyembamba iliyokwisha, weupe wa chuma unaanza kuchungulia, jicho linaona imepauka.

#35 FundiWaLeicester
Kwa cheni hii hapana, vipande vya katikati ni bati la dhahabu lililokunjwa, ndani wazi. Ndiyo maana cheni za zamani zinalegea na kuning'inia kama mkufu: matundu yanaliwa, bati linatanuka. Ukililamba lote kwa polishi litatoboka, chuma hutaona. Kuna za zamani zaidi ambazo wanasema zilivishwa kofia, sijawahi kuikata moja kuthibitisha na mzee wangu haniruhusu.

Hili jina la Rolesor lenyewe, chuma na dhahabu pamoja, Rolex walilisajili 1933. Miaka arobaini ni mingi, njia zilikuwa nyingi.

#36 Mwanamaji77
Haina jambia kwenye uso? Babu wa Muscat bila jambia?

#37 MtotoWaMalindi
Haha, ingekuwa na jambia ningekuwa naandikia hapa nikiwa kwenye boti yangu. Zile zenye khanjari, hilo jambia la nembo ya Oman, ni za zawadi za Sultan Qaboos, ziliagizwa nyingi kupitia Asprey, duka la vito la London. Babu alikuwa anauza vitambaa.

#38 KibokoYaFeki
Na za jambia feki ni nyingi kuliko watu aliowahi kuwapa zawadi Sultani. Usimwuzie mtu ndoto, namba 36.

#39 MtotoWaMalindi
Wakuu nimepata mashine ya miale, kwa sonara mmoja mtu mzima, kakubali kwa sababu alimjua babu. Majibu:

Pete ya juu: dhahabu 75, fedha 13, shaba 12.
Kipande cha katikati cha cheni: dhahabu 58, fedha 27, shaba 13, zinki kidogo.
Kifundo: mara ya kwanza 71, mara ya pili 79, mara ya tatu ikasema kuna chuma. Shaba kila mara juu, 17 kwenda 20.

Sonara kasema tusimsumbue na kifundo.

#40 BintiGeita
Ana haki. Kitu kidogo kilichopinda na chenye mikato, miale inapata na cha jirani. Tena mashine haioni ndani, inasoma tabaka la juu mikroni chache tu. Kwa hiyo kifundo kinaweza kuwa dhahabu nyekundu ya karati 18, kinaweza kuwa kofia yake juu ya chuma. Mashine haitakuapia.

Cheni ndiyo imejieleza vizuri. 58 ni karati 14, na fedha 27 ndiyo iliyoiua rangi.

#41 Fundi_Narungombe
Kifundo ndicho sehemu inayobadilishwa kuliko zote baada ya kioo. Ni cha kuvutwa na kufungwa kila siku, meno yanalika, mpira wa ndani unakufa, maji yanaingia. Fundi anaweka kilichopo kwenye droo. Kama droo ina chekundu, kinakwenda chekundu. Hakukuwa na mtu anayelinganisha njano na njano kwa kipande cha milimita sita.

#42 FundiWaLeicester
Mimi sioni haraka ya kukiita kipya. Dhahabu yenye shaba nyingi hubadilika juu kwa miaka, shaba inaondoka usoni au inaungua kidogo, rangi inasogea. Rolex wenyewe waliona tatizo hilo, 2005 wakatoa Everose yao, waridi iliyotiwa platini kidogo ili isipauke. Kifundo kinashikwa na vidole vyenye jasho kila siku, pete haishikwi. Huenda siku ya kwanza viwili hivi vilikaribiana.

#43 Fundi_Narungombe
Shaba ikiondoka usoni si kingepauka badala ya kuwa chekundu?

#44 FundiWaLeicester
Kingeanza kuwa cheusi-chekundu kwanza. Inategemea kilioshwa na nini. Mkuu uliosha kwa sabuni gani?

#45 MtotoWaMalindi
Ya kipande. Ya kufulia.

#46 ChaiYaRangi
Subhanallah. Rolex na sabuni ya kufulia.

#47 Bwana_Wakia
Mimi nina laki tano hapa, tumalize utafiti.

#48 MtotoWaMalindi
Bwana Wakia, kanunue kufuli yake.

#49 Karani_wa_Nakuru
Nimetoka kwa yule sonara. Hakukumbuka kuniambia ni shaba. Ameniomba nimwuzie.

#50 Mwanamaji77
MtotoWaMalindi, kumbe mirathi ile kaka zako wanajua umeizungusha kwa fundi na sonara na kuianika kwenye jukwaa?

#51 BintWaMuscat
Wanajua, na mimi ndiyo yule binamu aliyesema babu alipigwa. Nimesoma uzi wote jana usiku, nikamsomea bibi yangu mdogo hapa Muscat, ana miaka themanini na ushei, na akili zake zote anazo. Kacheka mpaka kakohoa.

Anasema hazikuwa saa moja. Zilikuwa mbili. Babu na ami Seif walinunua pamoja, sawasawa, kwa mtu mmoja, na bibi mdogo hakumbuki duka, anakumbuka harufu ya ubani tu. Babu alikuwa na mkono mnene. Ami alikuwa mwembamba kama ufito. Cheni ya babu ikawa inambana, ya ami inacheza mpaka kwenye kiwiko. Wakabadilishana. Kama walibadilishana cheni nzima au vipande tu, hajui, walikaa barazani na kisu wakafanya wenyewe. Na anasema kuna moja ilianguka kisimani, lakini ipi, hapo tuligombana.

#52 KibokoYaFeki
Barazani na kisu. Mimi najiuzulu.

#53 Fundi_Narungombe
Haifuti kitu lakini. Kama zilinunuliwa sawasawa kwa mtu mmoja, kwa nini moja iwe na cheni ya karati 14 na nyingine isiwe? Au zote zilikuwa 14? Halafu iliyoanguka kisimani ndiyo ingebadilishwa uso na kifundo, na labda huo ndio uliopo. Inabidi tuione ya pili.

#54 MtotoWaMalindi
Bint, ya ami Seif iko wapi?

#55 BintWaMuscat
Alipofariki ilikwenda kwa mkwewe. Yule wa Tanga.

#56 ChaiYaRangi
Kuna mkwe wa Tanga humu ndani?

#57 Mtu_wa_Chumbageni
Wa Tanga nipo, mkwe wa watu pia. Saa sina. Ila shemeji yangu ana moja hiyo ya menomeno, na cheni inambana vibaya. Ngoja nimpigie.